Fuvu na Miguu ya Kobe na Kasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akikutana na mnyama mwenye gamba, jicho lake huenda moja kwa moja kwenye gamba. Ni kawaida, lakini gamba hupotosha. Anayetaka kumjua mnyama huyu atazame ncha zake: kichwa kitamwambia anakula nini na anakikamataje, miguu itamwambia anaishi wapi. Majibu haya yameanza na mambo mepesi na kuishia kwenye kesi zinazowachanganya hata wazoefu. Jibu likigusa jambo lililokwisha elezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Kobe na kasa wanatofautianaje?

Wote ni wa oda moja ya reptilia, Testudines, yenye spishi takriban 360. Katika ukurasa huu, *kobe* ni wale wa nchi kavu, yaani familia ya Testudinidae. *Kasa* ni wale wa baharini, ambao ni spishi saba tu duniani. Waliobaki, wanaoishi mitoni, maziwani na kwenye mabwawa, tutawaita *kobe maji*.

Kobe maji si familia moja. Ni mkusanyiko wa familia nyingi ambazo baadhi zimeachana kwa zaidi ya miaka milioni 100. Ndiyo maana mafuvu yao hutofautiana kuliko ya kundi lolote lingine, na ndiyo maana kila kanuni utakayoisoma hapa ina mmoja wao anayeivunja.

2. Nikitaka kuwatofautisha kwa haraka, nitazame nini?

Miguu. Mguu mnene ulio wima, usio na utando, wenye vidole visivyoonekana isipokuwa kucha, ni wa kobe. Mguu wenye vidole vinavyoonekana na utando katikati yake ni wa kobe maji. Mkono mrefu, bapa, usiojikunja wala kuonyesha vidole, ni pezi la kasa.

3. Kwa nini nisianze na gamba?

Kwa sababu gamba la mviringo lililoinuka halimfanyi mnyama kuwa kobe, wala gamba bapa halimfanyi kuwa wa majini. *Malacochersus tornieri*, kobe wa miambani wa Afrika Mashariki, ana gamba bapa linalobonyea ukilibinya, naye ni kobe halisi anayejificha kwenye nyufa za mawe. *Terrapene* wa Amerika Kaskazini ana gamba lililoinuka kama la kobe, lakini ukoo wake ni wa kobe maji (tazama swali la 18).

## Fuvu

4. Fuvu la wanyama hawa lina nini cha pekee?

Reptilia wengine walio hai, pamoja na ndege, wametokana na wazazi waliokuwa na matundu mawili kila upande wa fuvu, nyuma ya jicho, kwenye panja. Matundu hayo huipa misuli ya taya nafasi ya kutuna mnyama anapouma. Kobe na kasa hawana hata tundu moja la aina hiyo. Kwa muda mrefu wataalamu waliona hii ni dalili kwamba ni mabaki ya reptilia wa kale kabisa ambao hawakuwahi kuwa na matundu. Vinasaba vimeonyesha vingine: ndugu zao wa karibu ni mamba na ndege. Kwa hiyo matundu yalikuwapo, kisha yakazibika.

Visukuku vinakubaliana na hilo. *Pappochelys*, jamaa wa kale wa kobe na kasa aliyeishi miaka milioni 240 hivi iliyopita katika nchi ambayo leo ni Ujerumani na kuelezwa mwaka 2015, alikuwa na matundu mawili kila upande.

Lakini misuli ya taya bado inahitaji nafasi. Spishi nyingi zimeipata kwa njia nyingine: paa la fuvu limeliwa kutoka pembeni kuelekea ndani. Kwa wengi mliko huo huanzia kisogoni kwenda mbele. Kwa baadhi ya kobe maji, hasa wengi wa familia ya Chelidae ya Australia na Amerika Kusini, huanzia chini, shavuni, kwenda juu. Ukiligeuza fuvu na kulitazama kwa nyuma, mliko huu ndio jambo la kwanza la kutafuta.

5. Kwa nini fuvu la kasa limezibwa lote huku la kobe likiwa wazi nyuma?

Shika fuvu la kasa na utaona paa la mfupa linaloanzia juu ya macho hadi karibu na kisogo, limefunika misuli yote ya taya kwa juu. Shika la kobe, na nyuma ya macho utaona mwanya mkubwa, huku upande ukiwa umebaki na ukanda mwembamba tu wa mfupa. Katikati kabisa unachomoza mfupa kama ukingo mkali unaoelekea nyuma. Misuli ya taya hujishikiza hapo.

Maelezo yenye nguvu zaidi yanahusisha shingo. Kobe huvuta kichwa na kukiingiza ndani ya gamba, na kila akifanya hivyo misuli ya shingo hulivuta fuvu kwa nyuma. Fuvu lenye mwanya huacha nafasi kwa misuli hiyo na ile ya taya. Kasa hawezi kuingiza kichwa. Pingili za shingo yake ni nane, sawa na za kobe, ila shingo ni fupi na nene, na gamba limepunguzwa mbele ili mabega na mapezi yacheze kwa uhuru. Kichwa kinachobaki nje wakati wote hufaidika na paa zima la mfupa.

6. Nimesikia kwamba taya lao lina kapi, kama lile la kupitishia kamba. Ni kweli?

Ni kweli, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu inayostaajabisha kuliko zote. Chumba cha sikio la ndani ni kikubwa na kimekaa katikati ya njia ya msuli mkuu wa kufunga taya. Msuli hauwezi kushuka moja kwa moja. Kano yake inapanda juu ya kinundu cha mfupa, inapinda, kisha inashuka kwenye taya la chini. Kinundu hicho ndicho kapi.

Na hapa ndipo oda nzima inapogawanyika mara mbili. Kundi la Cryptodira, ambalo kobe wote na kasa wote wamo, lina kapi kwenye chumba cha sikio chenyewe. Kundi la Pleurodira, ambao hulaza shingo ubavuni badala ya kuivuta ndani moja kwa moja, lina kapi kwenye mfupa wa kaakaa uitwao terigoidi. Kobe maji wa Afrika wa jenasi *Pelusios* na *Pelomedusa* wako katika kundi hili la pili. Kwa hiyo kobe wa nchi kavu na kasa wa bahari kuu, licha ya miguu yao kutofanana hata kidogo, ni ndugu wa karibu zaidi kuliko kobe na *Pelusios* anayeishi bwawani jirani naye.

7. Kwa nini hawana meno? Waliwahi kuwa nayo?

Waliwahi. *Odontochelys* aliyechimbuliwa nchini China na kutangazwa mwaka 2008, mwenye umri wa miaka milioni 220 hivi, alikuwa na meno kwenye mataya yote mawili, na gamba lake lilikuwa limekamilika upande wa tumboni tu. *Proganochelys*, aliyeishi miaka milioni 210 hivi iliyopita, alikuwa na gamba zima. Meno ya kwenye taya yalikuwa yametoweka, yakabaki madogo kwenye kaakaa. Waliopo leo hawana kabisa. Taya limevikwa ala ya keratini, dutu ileile ya kucha, ambayo huendelea kukua kadiri inavyolika.

Kitoto kinachotoka kwenye yai huwa na kijino cheupe puani kwa chini. Hicho si jino. Ni kinundu cha keratini cha kupasulia ganda la yai, na hudondoka baada ya muda mfupi.

8. Umbo la mdomo linaeleza nini kuhusu chakula?

Karibu kila kitu, mradi usitazame makali ya nje peke yake. Fungua mdomo utazame uso wa ndani wa taya, pale chakula kinaposagwa.

Kobe ana fuvu fupi lililoinuka, macho makubwa pembeni, na makali ya taya yenye menomeno ya keratini. Kwa ndani, kobe wengi wana matuta yanayokwenda sambamba na makali. Taya la chini huingia kati ya matuta hayo na kukata majani. Ulimi wake ni mnene na wenye nyama, nao ndio unaovuta chakula ndani. Kobe maji wengi wana ulimi mdogo na hutegemea mkondo wa maji kumezea, ndiyo maana wengi wao hushindwa kula nje ya maji.

Kasa huonyesha vizuri jinsi ukoo mmoja unavyoweza kugawana vyakula. Kasa wa kijani ana pua fupi ya mviringo na taya la chini lenye menomeno kama msumeno, la kukatia nyasi za bahari na mwani. Ng'amba ana kichwa chembamba na mdomo uliochongoka, unaofika kwenye mianya ya miamba ya matumbawe alikojificha sponji. Kasa duvi ana kichwa kikubwa mno na taya pana. Huponda makombe na kaa. Kasa noa ndiye mkubwa kuliko wote, lakini taya lake ni dhaifu kuliko unavyotarajia: lina ncha mbili kali mbele za kunasia yavuyavu, na halina uso mpana wa kusagia. Koo la kasa limejaa miiba inayoelekea tumboni, ili maji yatoke na chakula kibaki.

Miongoni mwa kobe maji mambo huzidi kunoga. *Chelus*, matamata wa Amerika Kusini, ana fuvu bapa na taya jembamba lisiloweza kuponda chochote, lakini mifupa ya koromeo lake ni mikubwa ajabu. Samaki akikaribia, mdomo hufunguka, koo hupanuka ghafla, na maji humwingiza samaki ndani. *Macrochelys temminckii* wa Marekani ana mdomo uliopinda kama ndoano na kipande cha nyama ulimini kinachochezacheza kama mnyoo; yeye hukaa kimya mdomo wazi akisubiri. Kobe maji wenye gamba laini, familia ya Trionychidae, wana midomo ya nyama inayofunika makali ya taya, na pua ndefu ya kupumulia bila kutokeza kichwa.

9. Dume na jike wanaweza kuwa na mafuvu tofauti?

Ndiyo. Mfano mzuri ni *Graptemys barbouri* wa kusini mashariki mwa Marekani. Jike ni mkubwa, ana kichwa kipana na uso mpana wa kupondea konokono na kombe. Dume hubaki mdogo, mwenye kichwa chembamba, na hula wadudu. Mtu akiyaweka mafuvu hayo mawili mezani bila kuambiwa, atadhani ni ya spishi mbili.

10. Je, kasa hulia kweli anapotaga?

Machozi ni ya kweli, huzuni ni yetu. Kasa hunywa maji ya bahari na kula vyakula vyenye chumvi, na figo zake haziwezi kuitoa yote. Nyuma ya kila jicho kuna tezi kubwa inayotoa majimaji yenye chumvi karibu mara mbili ya ile ya bahari. Tezi hizi hushinda ubongo kwa ukubwa. Anatoa chumvi hata akiwa majini, ila hatuoni. Kobe wa nchi kavu hana tezi ya namna hiyo.

11. Masikio yako wapi?

Nyuma ya taya. Kwa kobe maji wengi utaona duara lililo wazi la ngozi nyembamba; hiyo ni ngoma ya sikio. Kwa kasa imefichwa chini ya ngozi nene na mafuta. Wote wana mfupa mmoja tu wa kupitisha sauti, na husikia vizuri zaidi sauti nzito.

## Miguu

12. Mguu wa kobe umejengwaje?

Mguu wa nyuma unafanana na wa tembo: wima, mnene, kisigino kimelala chini. Mguu wa mbele ni tofauti kidogo, kwa kuwa kobe huukanyagia kwa ncha ya vidole na kucha, na wakati mwingi huuweka ukiwa umegeukia ndani.

Siri iko ndani ya vidole. Kobe hana zaidi ya pingili mbili katika kidole chochote, na vidole vyote vimefungwa pamoja ndani ya ngozi na nyama, kwa hiyo havichezi kimojakimoja. Anapoteza ustadi wa kushika na kupiga maji, anapata nguzo ya kubebea gamba zito. Mfupa wa mkono wa juu umepinda sana, na huiwezesha mikono kutoka chini ya gamba na kuliinua.

Kwa mbele mikono imefunikwa magamba makubwa, magumu. Kobe akiogopa, huingiza kichwa na kuifunga mikono mbele yake, na magamba hayo ndiyo adui anayokutana nayo. Wachimbaji wa mashimo kama *Gopherus* wa Amerika Kaskazini wana mikono iliyopanuka na kuwa bapa, yenye kucha nene za kuchotea udongo.

13. Ndani ya pezi la kasa kuna vidole?

Kuna vidole vitano kamili. Vimefungwa kwenye ngozi ngumu na havionekani, lakini picha ya eksirei huvionyesha vyote. Kidole cha tatu na cha nne ndivyo vilivyorefuka zaidi. Jambo la kukumbuka ni kwamba urefu huo haukutokana na kuongeza pingili nyingi, kama ilivyo kwa nyangumi. Kila pingili ndiyo imerefuka. Mifupa ya kifundo cha mkono imekuwa bapa na kukaa kama vigae, na mfupa wa mkono wa juu ni mfupi, umenyooka zaidi kuliko wa kobe.

Kasa hupiga mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, juu na chini, kama ndege anavyopiga mbawa. Mapezi ya nyuma ni mafupi na mapana. Husaidia kukata kona, na kwa jike hufanya kazi nyingine nzito, ya kuchimba shimo la mayai.

14. Na kobe maji?

Wengi wana pingili mbili katika kidole cha kwanza na tatu katika vinne vinavyofuata, vidole vinavyotanuka na utando kati yake. Huogelea kwa kupiga mguu wa mbele wa upande mmoja na wa nyuma wa upande wa pili, kwa kupokezana. Jamaa wa gamba laini wamekwenda mbali zaidi: wameongeza pingili katika kidole cha nne na cha tano, na utando wao ni mpana sana.

15. Idadi ya kucha husaidia kumtambua mnyama?

Husaidia sana, hasa kwa kasa. Kasa wa kijani kwa kawaida ana ukucha mmoja kwa kila pezi la mbele. Ng'amba na duvi wana mbili. Kigome, spishi nyingine ya kasa, ana mmoja au mbili, kwa hiyo kwake usitegemee kucha peke yake. Kasa noa mkubwa hana kabisa.

Hesabu kucha pamoja na magamba yaliyo kati ya macho na pua. Kasa wa kijani ana jozi moja. Ng'amba ana jozi mbili. Duvi pia jozi mbili, mara nyingi na gamba la ziada katikati. Ukiwa na dalili hizi mbili, kijani na ng'amba hawatakuchanganya tena.

Kobe wengi wana kucha tano mbele na nne nyuma. *Testudo horsfieldii* wa Asia ya Kati ana nne kila mguu. Kobe maji wa familia ya Trionychidae wana kucha tatu kwa kila mguu, ingawa vidole ni vitano.

16. Alama za mchangani zinaonyesha ni kasa yupi?

Zinapunguza uwezekano. Kasa wa kijani na noa husukuma mapezi ya mbele yote mawili kwa wakati mmoja, hivyo alama za kushoto na kulia hukaa sambamba. Ng'amba, duvi na kigome hupokezana, hivyo alama hupishana.

17. Kobe akianguka majini atakufa?

Kobe mdogo akishindwa kutoka anaweza kuzama na kufa, kwa sababu mguu ulioelezwa katika swali la 12 hausukumi maji vizuri. Usimweke kwenye maji ya kina eti ajifunze kuogelea.

Kuelea ni habari nyingine. Kobe wakubwa huelea kwa hewa iliyo mapafuni na shingo ndefu hubaki juu ya maji. Mwezi Desemba 2004, kobe mkubwa wa Aldabra alitoka baharini akitembea huko Kimbiji, pwani ya Tanzania, miguu yake ikiwa imeota wanyama wadogo wenye magamba wanaojishikiza kwenye vitu vielevyo. Aldabra iko zaidi ya kilomita 700 kutoka hapo. Mguu wa nguzo haukumfikisha. Mkondo wa bahari ulimfikisha.

## Kesi ngumu

18. Kuna wanyama ambao kichwa na miguu yao haviendani?

Wapo. *Carettochelys insculpta* wa Australia kaskazini na New Guinea huishi mitoni, ila ana mapezi kamili ya mbele yenye kucha mbili kila moja, na huyapiga kwa pamoja kama kasa. Ukimwona miguu tu utamwita kasa. Fuvu lake humweka karibu na jamaa wa gamba laini, na pua yake yenye nyama kama ya nguruwe humaliza ubishi.

*Terrapene* ni kinyume chake: anaishi nchi kavu, utando wa miguu umepungua karibu kuisha, lakini vidole vyake bado vinaonekana na vinacheza, jambo ambalo kobe halisi hawezi.

19. Je, fuvu lililozibwa juu ni la kasa peke yake?

La. *Platysternon megacephalum*, wa vijito vya milimani vya China na Kusini Mashariki mwa Asia, ana paa zima na kichwa kikubwa kisichoingia ndani ya gamba. Miguu yake ina kucha imara, na hupanda mawe na hata vichaka. *Meiolania*, aliyekwisha toweka, alikuwa na pembe kichwani. Naye kichwa hakikuingia. Wote wanakubaliana na maelezo ya swali la 5: kichwa kikibaki nje, fuvu huimarika.

20. Nimeokota fuvu. Nitalitambuaje?

Kwanza litazame kwa nyuma, uone kama paa limezibwa au limeliwa (swali la 4). Pili, ligeuze utazame kaakaa: kasa wengi wana kaakaa la pili la mfupa linalosogeza matundu ya ndani ya pua nyuma, noa hana. Tatu, tafuta kapi (swali la 6). Kumbuka kwamba ala ya keratini hudondoka baada ya mnyama kufa, hivyo makali ya mfupa huwa butu kuliko mdomo wa mnyama hai.

Kabla ya kulichukua, uliza mamlaka ya wanyamapori. Spishi zote saba za kasa ziko katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na katika nchi nyingi kumiliki sehemu yoyote ya mwili wao ni kosa. Piga picha ukiweka kitu cha kupimia ukubwa kando yake, kisha liache lilipo.

21. Kobe ninayemfuga ana mdomo mrefu kama wa kasuku na kucha zilizopinda. Ndivyo alivyo?

Hapana. Keratini hukua maisha yote, na kwa kobe wa porini hulika kwa majani magumu na ardhi yenye mawe. Akilishwa vyakula laini tu na kutembea juu ya sakafu, haitalika. Mdomo ukirefuka taya halifungi sawasawa, na kobe anaanza kuchagua chakula kwa sababu hawezi kukata. Wakati mwingine chanzo ni kikubwa zaidi: upungufu wa kalsiamu au wa mwanga wa jua hulainisha mifupa, taya lenyewe hupinda, na mdomo hufuata.

Usiukate mwenyewe kwa mkasi wa kucha. Ndani ya ala kuna nyama yenye damu na mishipa ya fahamu, na keratini ikipasuka ufa unaweza kupanda hadi kwenye mfupa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo anayewajua reptilia, mwombe atazame na ugumu wa gamba na taya kwa wakati huohuo. Ukirudi naye, badilisha nyasi ziwe ngumu zaidi na umwekee bamba la jiwe mahali anapolia chakula. Mdomo na kucha za mbele vitapata pa kujisugulia kila siku.